Shati Lisilopimwa

Jumamosi ile mtaa wa maduka ya vitambaa ulikuwa umefurika hadi mtu akipiga chafya anawaomba radhi watu sita. Katikati ya msongamano huo binti mmoja, fundi cherehani, alikuwa akijipenyeza na mfuko wa manunuzi begani. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, na kama kawaida yake alikuwa na haraka. Hakujua kwamba mfuko ulikuwa na tundu. Kibunda cha lesi nyeupe kilikuwa kimechomoka na kuanguka zamani, ncha moja tu imebaki mfukoni, na nyingine yote ilikuwa inajifungua nyuma yake kutoka duka hadi duka.

"Dada! We dada wa kijani!"

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye shati lililopauka kola alikuwa anamjia, kainama, anakunja lesi kiganjani taratibu utadhani anaitoa usingizini. Watu walimsukuma huku na huku, wala hakujali.

"Hii lesi yako imenitoa kwenye duka la vifungo," alisema huku anahema. "Nimeipitisha kwenye miguu ya watu kama arobaini."

"Si ungeikata tu?"

"Ningeikata ningekupataje? Subiri, nipe dakika moja niikunje vizuri."

Dakika hiyo moja ilichukua robo saa nzima. Binti alimwangalia vidole vile virefu vikilaza lesi mkunjo juu ya mkunjo, akacheka, na tangu siku hiyo akamwita Dakika. Yeye naye akaitwa Lesi, na majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho.

Dakika alikuwa fundi wa saa. Meza yake ilikuwa kwenye korido ya jengo kubwa la ofisi, chini ya ngazi, na hapo alishinda kutwa, lenzi jichoni, akiwa ameinama juu ya vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Lesi alikuwa na duka la chumba kimoja, mitaa mitatu kutoka hapo. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pazia la wateja kujaribia nguo, na sanamu ya kuvalisha nguo isiyo na kichwa wala mikono, waliyoibatiza Bwana Kimya. Ukutani ilining'inia saa ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babu yake. Saa hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: kila siku ilibaki nyuma dakika saba.

Basi kila asubuhi simu ya Lesi ililia.

"Lesi, saa nne kamili. Mzee wako ukutani anasemaje?"

"Anasema saa nne kasoro dakika saba."

"Mvivu kama mjukuu wake."

"Mvivu ni fundi aliyeshindwa kumtengeneza miaka mitatu!"

"Ile saa ina kiburi, bwana. Haitaki kushikwa na watu wa nje."

Lesi alipanda kwenye stuli, akasogeza mishale, na mazungumzo yakahama kutoka saa kwenda kwa wateja, kutoka kwa wateja kwenda kwa mama mwenye nyumba, hadi mmoja wao aitwe na kazi. Simu aliyoishika ilikuwa na saa yake, tena sahihi kabisa, lakini hilo hakuna aliyewahi kulitaja.

Alimpenda, hilo lisifichwe. Akipata habari njema, wa kwanza kumpigia alikuwa Dakika. Akiudhiwa na mteja msumbufu, wa kwanza kumlilia alikuwa Dakika. Ila moyo haukuwahi kumwenda mbio kwa ajili yake, na si kwamba hakujaribu. Alasiri moja alikaa kwenye benchi la korido akamtazama makusudi, macho, mikono, tabasamu, kama anayekagua kitambaa dukani, akajiuliza: vipi huyu? Alichosikia ni furaha tu ya kuwa amekaa pale, akanywa chai yake akarudi kazini.

Kisha likaja lile shati.

Mdogo wake Dakika alikuwa anaolewa, na kaka wa bibi harusi hawezi kwenda na kola iliyopauka.

"Nitakushonea mimi," Lesi alimwambia. "La bluu iliyokolea. Njoo Jumatano ulichukue."

"Na kunipima?"

"We njoo Jumatano."

Alikwenda Jumatano, akalivaa nyuma ya pazia, akatoka. Shati lilimkaa kama lililochorwa juu yake. Begani halikuvuta wala shingoni halikubana, na mikono iliishia pale hasa mkono wa shati unapotakiwa kuishia. Dakika alijitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, na Lesi akafurahi jinsi fundi anavyofurahi kazi yake ikitoka vizuri.

Kwenye harusi, shangazi yake Dakika alilishika shati lile mshono kwa mshono. Shangazi huyo alikuwa ameshona nguo za watu miaka thelathini, na macho yake hayakuwa ya mchezo.

"Kakushonea nani?"

"Rafiki yangu, shangazi."

"Kakupima mara ngapi?"

"Hajanipima."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Hata mara moja? Kalishona kwa kichwa?" Akamtazama mpwa wake kwa huruma. "Baba, mimi nimemshonea marehemu mjomba wako maisha yake yote, na kila mara nilimpima. Huyo msichana anakupenda. Unangoja nini?"

Jumatatu iliyofuata, Lesi alipoinua macho kutoka kwenye cherehani, alimwona Dakika mlangoni amevaa shati la bluu. Shati la harusi, siku ya kazi, asubuhi!

"Umependeza. Unakwenda wapi?"

"Nimefika," alisema Dakika. Akakaa, akasimama, akakaa tena. "Lesi, mimi maneno mengi sina. Miaka mitatu nakupigia simu kila siku. Nikiamka nawaza nitakwambia nini, nikilala nawaza ulichonijibu. Nilidhani niko peke yangu, nikanyamaza. Halafu ukanishonea shati hili bila kunipima. Mtu hawezi kumjua mwenzake hivi kama hampendi. Nakupenda, Lesi. Nataka tuoane."

Sasa, kilichomchanganya Lesi si maneno yale peke yake. Nyuma ya pazia kulikuwa na mteja, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa, anajaribu gauni, na pazia lilikuwa limetulia tuli kabisa. Mbele yake rafiki yake anasubiri jibu. Lesi alitaka jambo moja tu, asimwumize. Akashika la kwanza lililomjia mdomoni.

"Dakika jamani! Kwa ajili ya shati?" Akacheka kicheko ambacho si chake. "Mbona nilimpima Bwana Kimya! Wewe na yeye mko sawasawa, mabega, kifua, kila kitu. Sikuwa na haja ya kukupima."

Dakika aliitazama sanamu ile isiyo na kichwa.

"Ahaa," alisema. "Kumbe."

"Usinielewe vibaya..."

"Hapana, nimekuelewa. Kazi njema, Lesi."

Akatoka. Hakuubamiza mlango, aliufunga polepole, na hilo ndilo lililomuuma Lesi zaidi. Pazia likafunguka. Mwalimu mkuu akatoka, zipu nusu, miwani puani.

"Mwanangu, mimi sikusikia kitu," alisema. "Ila ningekuwa nimesikia, ningekuuliza: kama humtaki, si ungemwambia humtaki? Hiyo ya sanamu umeitoa wapi?"

Kesho yake saa nne ilifika, simu kimya. Keshokutwa kimya. Lesi alimpigia mara mbili, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta. Saa ya babu aliendelea kuitia ufunguo, lakini mishale hakuigusa. Ikabaki nyuma dakika saba, kumi na nne, ishirini na moja. Wateja wakaanza kumcheka. "Fundi, wewe saa yako ya nchi gani?" Naye akacheka nao, halafu wakiondoka anakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Hakumlilia mpenzi, maana hakuwa naye. Alimlilia mtu wake wa saa nne. Aliogopa kwamba amempoteza moja kwa moja, na kwa neno la kijinga.

Siku ya kumi na nne saa ilikuwa nyuma kwa saa moja na dakika thelathini na nane. Lesi akaishusha ukutani, akafunga duka, akaikumbatia kifuani na kuingia nayo mtaani. Mzee mmoja akamsimamisha, akauliza saa ngapi. "Usiiamini hii, babu," alimjibu, na kuongeza mwendo.

Koridoni watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, viatu vinagonga. Dakika alikuwa ameinama kama siku zote. Alipoiona saa ile kwanza, kisha aliyeibeba, aliitoa lenzi jichoni.

"Imekuwaje?"

"Imepotea kabisa," alisema Lesi. "Na mimi nimekuja kusema. Naomba usinikatize, nikikatizwa nitakimbia."

Dakika akamsogezea benchi.

"Nilikudanganya. Bwana Kimya kifua chake inchi thelathini na sita, wewe una arobaini. Shati lako angelivaa lingemning'inia kama gunia. Na wewe bega lako la kushoto limeshuka nusu inchi kuliko la kulia, kwa sababu kutwa unainamia meza hii. Kwa hiyo bega la kushoto nililikata tofauti. Ndiyo maana halikuvuta. Lile shati nilimshonea mtu ninayemjua, Dakika. Ninakujua kuliko ninavyowajua ndugu zangu."

Dakika alilishika bega lake la kushoto, kama anayehakikisha lipo.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Kukataliwa watu wanakataliwa, wanalala, wanaamka. Ila wewe uliniambia mimi na sanamu hatuna tofauti. Nikasema basi hata ile miaka mitatu haikuwepo."

"Ilikuwepo. Nisamehe. Nilitaka kukupunguzia maumivu, nikakuongezea."

"Basi shangazi alisema kweli. Unanipenda."

"Nakupenda," alisema Lesi, wala hakuishusha sauti. "Ila si kwa namna ile uliyokuja nayo Jumatatu. Nimejitafuta, sijaiona."

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna. Angekuwepo ningepata la kusingizia."

"Pengine itakuja. Polepole."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Neno "labda" lilikuwa tayari ulimini, tamu, rahisi, na wote wawili wangelitoka nalo pale wanatabasamu. Lesi akalimeza.

"Haitakuja, Dakika. Usinisubiri. Wewe ni mtu wa kupendwa kwa moyo mzima, na mimi nikikushikilia kwa nusu nitakuwa mwizi. Mke sitakuwa. Rafiki nataka niwe hadi tuzeeke, kama utaweza. Kama huwezi, nitaelewa, ila nitaumia sana."

Watu waliendelea kupita. Dakika aliinamisha kichwa, na machozi mawili yakadondoka kwenye kile kitambaa cheusi anachopangia skrubu. Hakuyaficha. Lesi naye alikuwa anafuta yake kwa mkono wa gauni. Kisha Dakika akavuta pumzi, akaigeuza saa ya babu kifudifudi, akafungua mgongo wake.

"Nami nina la kukiri," alisema. "Njoo uone. Unakiona hiki kijiti? Ukikisukuma huku, saa inaharakisha. Ukikisukuma kule, inachelewa. Ni hicho tu. Kazi ya nusu dakika."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza uliponionyesha."

"Miaka mitatu, Dakika!"

"Ningeitengeneza ningekupigia kwa kisingizio gani?"

Lesi alimpiga kibao cha begani, lile la kushoto, na wote wakacheka huku pua zimeziba, mpaka karani mmoja aliyekuwa anashuka ngazi akasimama kuwashangaa. Dakika akakisukuma kijiti kidogo tu, akasikiliza, akakisukuma tena. Akairekebisha mishale, akaifunga, akamkabidhi.

"Sasa haitabaki nyuma tena," alisema. Kisha, bila kumtazama: "Nipe siku chache, Lesi. Sijanuna. Nataka tu moyo ukae mahali pake."

"Chukua zote unazotaka."

Saa ikarudi ukutani. Siku ya kwanza ilikwenda sawasawa na simu ya Lesi, dakika kwa dakika. Siku ya pili vilevile. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, na Lesi akajifunza kupita kwenye saa nne ya asubuhi bila kuinua macho. Alimshonea mwalimu mkuu gauni la pili, na mwalimu mkuu hakuuliza kitu, ila alimshika mkono alipokuwa anaondoka.

Asubuhi moja ya Alhamisi, Lesi akiwa na pini tatu mdomoni na pindo la sketi mikononi, simu ililia. Akatema pini, akaangalia ukutani.

"Lesi. Saa nne kamili."

"Najua," alisema kwa furaha. "Mzee naye anasema saa nne kamili. Kuna fundi mmoja kamtengeneza."

"Najua. Sikupiga kwa ajili ya saa."

"Umepigia nini basi?"

"Nimepiga tu," alisema Dakika. "Haya niambie, leo nani kakusumbua?"

Lesi akavuta stuli akakaa, akaweka miguu juu ya kanyagio la cherehani, akaanza kumweleza.