Vifungo Vinne Mezani

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, saa nne kasorobo asubuhi, manyunyu yaligonga bati la kibanda cha fundi cherehani. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa ameinamia swali la kemia. Jumatatu angefanya mtihani alioukosa ujanani, mwaka aliobaki peke yake na mtoto mchanga. Kemia ikimwangusha, cheti angekisikia tu kwa wenzake.

Mtoto yule sasa alikuwa mhudumu wa maabara. Aliingia na chupa ya chai, akachungulia jibu begani mwa baba yake: thelathini na sita.

Alimwambia kwa upole kwamba amekosea. Fundi akanuna. Swali lilitaka wastani wa masi ya atomu za klorini, ambayo ina atomu za masi 35 na za masi 37. Yeye alijumlisha, akagawa kwa mbili, kama anavyokunja kitambaa katikati.

"Baba, umekunja kabla ya kupima," binti akasema.

Akamwaga vifungo vyeupe juu ya meza ya kukatia. Vyote vilikuwa na matundu manne, vyote vilifaa shati moja. Ila vingine vyembamba, vingine vinene. Ndivyo zilivyo isotopu, alieleza. Kila atomu ya klorini ina protoni kumi na saba, na hizo ndizo zinazoifanya iwe klorini. Tofauti iko kwenye nyutroni: nyepesi ina kumi na nane, nzito ina ishirini.

"Haya, fundi wangu, nyepesi na nzito zimelingana kwa wingi?"

Akapanga vifungo vinne: vyembamba vitatu, kinene kimoja. Katika kila atomu nne za klorini, takriban tatu ni nyepesi. Fundi akashika chaki, akaandika mezani: 35, 35, 35, 37. Jumla 142. Akagawa kwa nne.

"Thelathini na tano na nusu," akasema polepole. "Kumbe zilizo nyingi zinavuta wastani upande wao."

"Hapo sasa. Nilidhani nitazeekea hapa na kifungo mkononi."

Fundi akacheka hadi miwani ikamteleza.

Jumatatu aliulizwa kuhusu shaba: katika kila atomu kumi, saba za masi 63, tatu za masi 65. Hakukunja katikati. Alihesabu kila kundi kwa wingi wake, akapata 63.6.

Cheti kilipotoka, binti alikileta mwenyewe kibandani.

"Shule uliiacha kwa ajili yangu, baba. Leo nimekulipa."

Fundi alikishika cheti kwa mikono miwili, asikikunje.

"Hukuwa na deni, mama," akasema. "Malipo siyapokei. Vuta kiti, tunywe chai."