Watazamaji Wamesema Funga

Mimi siogopi kitu, uliza mtaa mzima, lakini haya yaliyompata rafiki yangu Domo siyasimulii nikiwa peke yangu.

Domo anaonyesha sinema za mazimwi, zile ambazo hadithi husimama na kuwauliza watazamaji shujaa afanye nini. Ukumbini kwake watu hupiga kelele, naye hubonyeza rimoti kufuata upande wenye sauti nyingi. Mchana huo alikuwa anajaribu filamu mpya, madirisha yamezibwa, ukumbi giza totoro. Mdogo wake wa kike akapita pazia la stoo kufuata waya.

"Usikae sana, zimwi litakuposa!" Domo akamtania.

"Litaanza na wewe, kaka, ndiye mwenye nyama!"

Kwenye filamu, dada wa shujaa akaingia pangoni. Hadithi ikasimama: amfuate, au afunge mlango? Domo akacheka, akayageukia mabenchi matupu kama alivyozoea. "Haya, wapenzi watazamaji, mnasemaje?"

"Afunge!"

Zilikuwa sauti nyingi, za wakubwa kwa watoto, na mabenchi yakatoa mlio kama ya watu wanaosogea mbele waone vizuri. Domo hakubonyeza kitu, maana rimoti ilishamponyoka. Mlango wa pango ukajifunga wenyewe, na nyuma ya pazia kukasikika kishindo.

"Kaka, mbona umenifungia?"

Domo akalirukia pazia, akalivuta. Stoo ile haijawahi kuwa na mlango tangu ijengwe. Mkono wake uligusa mbao, za baridi, na upande wa pili mdogo wake alikuwa anagonga.