Ushahidi wa Toleo la Saba

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma. Ya pili ikatoboa kiti cha abiria.

Mwanaiddi hakugeuka. Alikanyaga mafuta, na Land Cruiser ikaikata kona ya Majalila kwa kishindo, ikitimua vumbi jekundu lililowameza waendesha pikipiki wawili waliokuwa wakimfukuza tangu Ikola.

Ndani ya vumbi hilo, alifunga breki.

Pikipiki ya kwanza ikajibamiza nyuma ya gari. Mwendeshaji wake alirushwa juu ya paa, akaangukia boneti, shingo imevunjika. Wa pili alikwepa na kuinua bunduki. Glock 19 ya Mwanaiddi ilikwisha kutoka mafichoni. Ililia mara mbili kupitia dirishani, na mtu yule akaporomokea mtaroni asinyanyuke tena.

Pembeni yake, likiwa limefungwa mkanda kama abiria, lilikaa boksi la chuma lenye ukubwa wa redio. Alilipapasa. Zima.

Simu ya setilaiti, Thuraya, ikaita.

"Tisa, uko wapi?" Ilikuwa sauti kavu ya Malale, mkuu wake wa kazi.

"Majalila, Mkuu. Nimeacha maiti wawili barabarani."

"Boksi?"

"Ninalo."

"Boti ya pili ya doria inatoka saa nane kamili. Siwezi kuizuia bila ushahidi."

"Mkuu, nani mwingine alijua kwamba ninakwenda Ikola?"

"Mimi na fundi Stanslaus."

Simu ikakatika.

Siku tisa kabla, boti ya doria iliyokuwa ikiwafuata walanguzi wa silaha katika Ziwa Tanganyika ilizimika katikati ya maji. Rada na injini vilikufa kwa mpigo mmoja, maana vyote viliongozwa na boksi hilo. Askari sita walimiminiwa risasi wakielea, hawana pa kukimbilia. Stanslaus, aliyesomeshwa hadi ng'ambo kwa kodi za wananchi, alichunguza nakala tu ya kumbukumbu za boksi, lenyewe likiwa limebaki Ikola, na kuandika kwamba programu ya ramani iliharibika yenyewe. Akaiondoa ramani katika boti ya pili na kuitangaza salama.

Nahodha wa boti ya pili alikuwa Nassib, mdogo wake Mwanaiddi, tumbo moja.

Saa saba na robo aliingia katika karakana ya idara, Kawajense.

"Mungu wangu! Damu hiyo, dada?" Stanslaus aliruka kutoka kitini.

"Si yangu."

Mwanaiddi aliunganisha boksi na kompyuta yake, ThinkPad. Programu inapoanguka, huacha picha ya kumbukumbu zake za mwisho, na chombo cha kuisoma picha hiyo mafundi hukiita debaga. Kazi yake ni kutaja, ngazi kwa ngazi, sehemu gani iliiita sehemu gani hadi programu ikafa. Mwanaiddi alianza na debaga ya toleo la kumi na mbili, lililo jipya kuliko yote.

Likajibu: ramani.

"Si niliandika?" Stanslaus alicheka. "Umejisumbua bure kwenda kule."

"Prosesa, ubongo wa boksi hili, ni ya aina ya MIPS."

"Mambo ya kale hayo. Siku hizi wanaoitumia unawahesabu kwa vidole."

Alifungua toleo la saba.

"Aa, dada! Hilo la makumbusho! Nyie wa makao makuu Dodoma mna vituko."

Toleo la saba likajibu: kipokea ujumbe wa redio.

Mashahidi wawili, kifo kimoja, maneno yanayopingana. Mwanaiddi hakuamini lolote kati ya hayo mawili. Alilitwaa boksi la akiba rafuni, akaandika programu ya mistari kumi na mmoja, akapanda kosa kwa mkono wake katika mstari wa tano, kisha akaiangusha makusudi. Sasa jibu alilijua yeye. Akayauliza matoleo yote mawili.

Toleo jipya lilitaja sehemu ambayo haikuguswa kabisa.

Toleo la saba lilitaja mstari wa tano.

"Waliolitengeneza hili jipya hawakulijaribu kwenye MIPS," alisema taratibu. "Linaruka ngazi. Nawe ulijua."

Stanslaus aliacha kucheka.

Kwa toleo la saba, Mwanaiddi aliifuata njia hadi kwenye ujumbe wa mwisho ambao boti ya kwanza iliupokea: mrefu kupita kiasi, uliotungwa ili kuiua programu. Ulibeba namba ya redio iliyoutuma. Kumi na nne.

Akainua macho. Ukutani, redio za Motorola zilipangwa kwenye chaji. Kumi na tatu. Kumi na tano. Katikati, nafasi tupu.

"Redio kumi na nne umempa nani, Stanslaus?" Mwanaiddi alichomoa bastola.

Chuma cha kuchomelea nyaya kilikuwa bado cha moto. Stanslaus alikikwapua na kumkandamiza nacho mkononi. Ngozi ikaungua kwa mlio. Bastola ikaanguka. Akamkaba koo, akambamiza kichwa mezani mara moja, mara mbili.

"Ungebaki Ikola ule dagaa, mwanamke wewe!"

Mwanaiddi alipapasa mezani, akapata bisibisi, akaizamisha pajani mwa Stanslaus mpaka mpini. Mikono ikalegea. Alimpiga kiwiko cha pua, mfupa ukalia. Stanslaus alianguka, akatambaa, akachomoa simu ili awaonye wenzake.

Glock ikarudi mkononi mwa mwenyewe.

Risasi ilipita katikati ya kiganja. Simu ikasambaratika.

Saa nane na dakika kumi. Boti ilikwisha kuingia ziwani. Aliinyakua Thuraya, akakimbilia uani.

"Nassib! Ng'oa waya wa antena ya redio kwenye boksi!"

"Dada, niko kazini. Boti yao hii hapa mbele..."

"Ng'oa!"

Akasikia chuma kikikwaruza. Kisha bunduki. Milio mfululizo, mtu akipiga yowe, maji, bunduki tena.

Mawasiliano yakakatika.

Alisimama juani, damu ikimdondoka kidevuni. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena.

"Dada." Nassib alikuwa akihema. "Rada inawaka. Injini inanguruma. Wanne wamekufa, watatu nimewafunga. Bunduki zimejaa chini ya magunia ya dagaa. Kiongozi wao alikuwa na redio, anabonyeza, anabonyeza. Nimemfikia bado anabonyeza."

"Watu wako?"

"Wote wapo. Malale kapigwa simu?"

"Mpigie wewe. Ushindi ni wako."

Ndani, Stanslaus alikuwa akilia, kiganja kifuani. "Nitakufa, dada. Niitie daktari."

"Nimemwita. Lazima uishi uwaeleze wajane sita."

Polisi walipoingia, alijifunga kitambaa mkononi, akaitia ThinkPad kwenye begi, akatoka. Simu yake binafsi ikaita.

"Mwanangu, shikamoo huitoi siku hizi? Mbona Nassib hapatikani? Moyo wangu hautulii tangu asubuhi."

"Shikamoo, mama. Nimeongea naye sasa hivi. Yuko kazini, mzima, anakusalimu."

"Na wewe?"

"Mzima, mama."

Akavaa miwani ya jua, akashika barabara ya mjini, bila haraka.