Bwana Saini na Bibie wa Malalamiko

Mpaka leo yule dada akikwama kwenye lifti husema asante. Wenzake wananuna, wanatazama saa, wanagonga mlango, na yeye anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu. Waacheni wamshangae. Hawajui alichookota humo.

Ilikuwa asubuhi yake ya kwanza kazini. Alivaa gauni la njano alilopigiwa pasi na mama yake, na viatu vipya vilivyombana vidole. Ukumbi wa chini wa jengo lile ulifurika watu, kila mmoja anataka kuwahi. Akajipenyeza, akaingia lifti akiwa wa mwisho. Ikapanda kidogo, ikatikisika, ikasimama katikati ya ghorofa mbili.

"Mungu wangu, na siku ya kwanza!" ikamtoka kwa sauti.

"Usihofu, bibie," akajibu kijana aliyebanwa kwenye kona, kompyuta kaikumbatia kifuani, shati lake la buluu lina mikunjo ya kuwatosha watu wawili. "Bosi wako naye yumo humu. Yule pale, mwenye kilemba. Utachelewaje kabla yake?"

Lifti nzima ikacheka, na mama mwenye kilemba akacheka pia.

"Umejuaje kwamba ni bosi wangu?"

"Si wewe ndiye mgeni wa kitengo cha malalamiko? Nimekuingiza kwenye mtambo asubuhi hii. Jina, cheo, simu. Kilichobaki ni tabia."

"Tabia yangu hutaijua ng'o!"

"Basi nitaanza kulalamika, ili nihudumiwe na wewe."

Kazi ya kijana huyo ukiitazama utaiona ndogo. Kampuni ile iliuza friji na majiko, na barua pepe ya mfanyakazi ikishatumwa, mtambo uliibandikia saini chini kabla haijamfikia mtu: jina kamili, cheo, namba ya simu, nembo, na mstari wa kumalizia usemao "Asante kwa kuwasiliana nasi." Anayeandika haioni, anayepokea ndiye anayeiona. Nani apate saini na nani asipate, hilo lilikuwa mikononi mwa kijana yule. Anayeajiriwa anamwongeza kwenye kundi la wenye saini, anayeondoka anamtoa. Ofisi nzima ilimwita Bwana Saini. Yeye akampachika yule dada jina la Bibie wa Malalamiko, nalo likamganda.

Siku chache baadaye wakakutana kwenye foleni ya chai.

"Namba yako ninayo," alimwambia, "ila nimepewa na kampuni. Wewe hujanipa. Kwa hiyo siwezi kukupigia."

"Na nisipokupa?"

"Nitabaki naitazama tu, nifanyeje?"

Bibie alicheka mpaka chai ikamwagikia mkononi, kisha akampa. Hapo ndipo alipompenda. Msije mkasema alipenda macho.

Basi jioni zikawa ni simu.

"Umefika, roho yangu?"

"Nimefika, nimevua viatu."

"Maskini miguu. Ningekuwepo ningekubeba."

"Unibebe na hilo shati lisilojua pasi?"

Mama yake, jikoni, alikuwa akikohoa makusudi. "Huyo anayekuchekesha mwambie asante yake ninayo," alisema siku moja. "Nyumba ilikuwa kimya mno."

Shida ilianzia kwenye saini hiyo hiyo. Namba iliyokuwemo kwenye saini ya Bibie ilikuwa ya simu yake mwenyewe, na kwa siku aliwajibu wateja wengi. Wengine friji zao zilishatengenezwa zamani, lakini waliendelea kumpigia: umekula? umelala? umevaa nini? Akimfungia mmoja, wanazaliwa wawili. Akamsimulia Bwana Saini huku akicheka, ila kicheko kilikuwa kifupi.

"Wamenichosha, mpenzi."

"Niachie mimi."

"Nikuachie nini?"

Alikuwa ameshakata simu.

Sasa, ofisi ile ilikuwa na mambo yake. Mtu akifukuzwa, saini yake ndiyo iliyotangulia kutoweka. Barua ya kuachishwa kazi ilimfuata baadaye. Watu walishazoea kujitumia barua pepe wenyewe kila Jumatatu ili waone kama bado wapo. Jambo hilo waliliita kujipima joto.

Asubuhi iliyofuata, jirani wa meza wa Bibie, dada asiyeweza kufunga kinywa, akamwinamia. "Pole, mwenzangu."

"Pole ya nini?"

"Barua uliyonitumia sasa hivi. Iko uchi."

Bibie akajitumia moja haraka haraka. Uchi kabisa, hata jina halimo. Akakumbuka vyumba viwili alivyopanga ili mama yake aache kuhamahama kwa ndugu, leo kwa shangazi, kesho kwa binamu. Atamwambia nini mama?

Kisha likamjia la pili, na hilo ndilo lililomchoma. Anayetoa watu kwenye kundi ni nani? Jana mtu huyo alikuwa akimwita roho yangu, kumbe anajua! Akampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia tena, wapi! Basi akatia kikombe na sweta kwenye mkoba, akashuka kwa ngazi, akaenda zake bila kumuaga mtu. Afadhali aondoke mwenyewe kuliko kusindikizwa na mlinzi.

Jioni simu ikalia.

"Roho yangu, narudi ofisini nakuta kiti kitupu. Kulikoni?"

"Usiniite roho yako! Ulijua nafukuzwa, ukanichekea."

"Kufukuzwa? Na nani? Mimi ndiye niliyekutoa! Nilitaka wasiipate tena namba yako. Ningekwambia mchana, wakanituma ghalani, simu nikaisahau kwenye chaji. Hujafukuzwa, mpenzi wangu, hakuna aliyekufukuza!"

Ungedhani hapo angecheka. Wapi.

"Namba yangu hukuipiga mpaka nikupe mwenyewe," alisema. "Jina langu umelifuta bila kuniuliza. Nimetoka kazini bila ruhusa, kesho ndiyo nitafukuzwa kweli. Umenifanyia wema gani huo?" Akakata.

Mama yake alikaa kando yake kitandani, akamvua hereni moja baada ya nyingine kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. "Amekosea, tena sana," alisema. "Lakini alikuwa anakutetea. Kesho nenda, mwanangu, ukaseme yako. Ukirudi bila kazi, utanikuta papa hapa, nami sitalalamika."

Asubuhi Bibie alifika kazini mapema. Bosi alishafika, na mbele ya meza yake alisimama Bwana Saini. Shati limepigwa pasi! Bibie alijua kuwa mambo ni mazito.

"Kosa ni langu, mama," kijana alikuwa akisema. "Nilimtoa kwenye saini ili wateja waache kumsumbua kwa simu, bila kumuuliza yeye wala wewe. Kama kuna barua ya onyo, iandikwe kwa jina langu. Yeye hana hatia."

"Yaani umechezea mtambo wa kampuni kwa sababu ya mapenzi?"

"Ndiyo, mama."

Kitengo kizima kilikuwa kimetega masikio. Bosi akarekebisha kilemba chake.

"Onyo utalipata, tena leo." Akamgeukia Bibie. "Na wewe binti, siku nikikufukuza nitakuita, nikwambie nikikutazama usoni. Jana uliondoka kabla ya kuniuliza. Usirudie. Kaa, wateja wanakungoja."

Bibie akavuta kiti. "Asante, mama," alisema, machozi yanamtoka. "Asante sana."

"Ila hizo simu, ni kweli?"

"Kweli tupu, mama!" jirani wa meza akadakia. "Hata mimi wananipigia!" Akina dada wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Bosi akamtazama kijana. "Haya, fundi. Safari hii muulize kwanza."

Bwana Saini akageuka, uso umemwiva. "Unataka saini yako iweje?"

"Jina langu lirudi. Cheo changu kirudi. Namba iwe ya ofisi." Akafuta machozi. "Tena iwe hivyo kwa sisi sote."

Kufikia mchana kitengo cha malalamiko kilikuwa na kundi lake na saini yake, na Bwana Saini aliletewa vikombe vya chai mpaka akakosa pa kuviweka. Cha Bibie hakikuwemo. Alimnyima uso siku kadhaa, na kijana akageuka kuwa mtu wa kuuliza. Nikae hapa? Nikupigie saa ngapi? Naruhusiwa kukukumbuka?

"Kunikumbuka hakuhitaji kibali," alimjibu mwishowe, akashindwa kuzuia kicheko. Wakawa wameyamaliza.

Kisha asubuhi moja lifti ikakwama tena, imejaa, bosi na kilemba chake ndani. Watu wakaanza kunung'unika. Bwana Saini akakohoa.

"Bibie, kuna kundi moja sitaki kukuongeza bila kukuuliza. Mpaka sasa lina mtu mmoja."

"Kundi gani hilo?"

"Nyumbani kwangu." Kompyuta kaikumbatia kifuani. "Utakubali nikuoe?"

Hata waliokuwa wakinung'unika wakageuka kumtazama Bibie. Lifti ikashtuka, ikapanda, mlango ukafunguka, na Bibie akatoka bila kusema neno, gauni lake la njano likipotea miongoni mwa watu. Bosi akamgusa kijana bega. "Pole, baba."

Bibie alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akaandika, akatuma, kisha akakimbia, naam, akakimbia na viatu vile vile, mpaka kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Akamkuta kijana ameinamia kompyuta. Barua ilikuwa na neno moja tu: "Ndiyo." Chini yake mtambo ulikuwa umebandika jina lake kamili, cheo chake, namba ya ofisi na nembo ya kampuni, na chini kabisa: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Mstari ule Bwana Saini aliutunga mwenyewe, na ulikuwa umekwenda chini ya maelfu ya barua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuusoma akalia.