Marejesho ya Mwezi wa Kumi na Nne

"Hii cherehani ni yako mwenyewe?"

Mama mshonaji hakuinua kichwa. Alikuwa na sketi ishirini na mbili za sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu, na mteja anayeanza na maswali badala ya kitambaa, kwa uzoefu wake, huwa hana haraka ya kulipa.

"Ni yangu. Unashonesha au unarekebisha?"

"Suruali. Kitambaa nitaleta."

Mwanaume mwenyewe alikuwa amenyoosha shati kama anakwenda kuposa, na kwapani kabana faili la bluu. Akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ila viatu vyake havikuwa na kamba. Akachungulia kibati cha namba ubavuni mwa cherehani, akafungua faili, akatazama karatasi, akarudi tena kwenye kibati. Midomo ilikuwa inacheza, tarakimu mojamoja.

"Kaka, umepoteza nini huko chini?"

"Hamna, dada. Mota ni ile ile? Haijabadilishwa?"

"Wewe unataka suruali au unataka kuninunulia mashine?"

Akatabasamu nusu. "Nitarudi Ijumaa."

"Sijakupima bado!"

Alishatoka. Mama mshonaji akabaki na futi ya kupimia mkononi. Mtu huyu ameipataje namba ya mashine yangu, imeandikwa kwenye karatasi yake? Akajiambia ni mambo ya leseni, akakanyaga pedali. Lakini mshono wa sketi ile ulikwenda upogo, na si kawaida yake.

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alianguka kutoka juu ya paa la mtu mwaka juzi, akavunjika mguu sehemu mbili. Upasuaji ulidai hela ambazo hawakuwahi kuziona zimekaa pamoja. Aliyewaokoa ni wifi yake, dada mkubwa wa mume, karani wa ofisi mwenye hati ya mshahara. Alikopa kwa jina lake kwenye kampuni ya mikopo, marejesho miezi kumi na sita. Wao kazi yao ikawa kumtumia wifi fungu lake kila tarehe tano, na yeye kulipeleka. Risiti hawakuomba hata moja. Utamdaije risiti mtu aliyemlea mumeo tangu mama yao alipofariki, akamwosha, akambeba mgongoni, akachelewa kuolewa kwa ajili yake? Hiyo si hesabu, ni matusi.

Basi nyumba ikafungwa mkanda. Mumewe akambatiza jina la Waziri, kwa kuwa bajeti yake haikupingwa na bunge lolote. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande kumi na viwili. Sukari ilikuwa na kijiko chake, na kijiko hakikujazwa. Viatu vya binti mdogo vilikatwa mbele ili vidole vipumue mpaka deni liishe. Ukutani palikuwa na bahasha nne kwenye msumari: kodi, chakula, shule, deni. Bahasha ya deni haikuguswa hata siku walipolala na chai ya rangi.

Na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Ilibaki miwili.

Jioni ile alishusha bahasha, akaimwaga kitandani.

"Imetimia. Mtumie dada yako."

Mumewe alikuwa anasugua mikono kwa kitambaa, mikono ambayo ilishatakata.

"Mwezi huu tusubiri kidogo, Waziri."

"Tusubiri nini? Leo tarehe nne."

"Tusubiri tu. Siku mbili tatu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa dawa ya deni kulipa. Leo dawa imekuwa chungu?"

"Si hivyo."

"Leo kuna mtu amekuja dukani na namba ya cherehani yangu kwenye faili."

Kitambaa kilimdondoka. Akainama kukiokota, akachukua muda mrefu huko chini kuliko kitambaa kilivyohitaji.

"Mtu gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Sijui, mama watoto. Watakuwa watu wa kodi."

Akaketi kula. Miaka kumi na moja ya ndoa, mkewe alimjua mpaka anavyotafuna. Usiku ule alitafuna kama mtu anayehesabu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wifi akapiga.

"Wifi yangu, hamjambo? Mbona kimya? Leo tarehe tano."

"Hatujambo, wifi. Mume wangu amesema tusubiri."

Upande wa pili mama mshonaji akasikia mtu ananadi maji baridi, karibu kabisa na simu, na mlio wa pikipiki.

"Asubiri? Kwa nini asubiri? Nyie mnataka niaibike ofisini?"

"Uko ofisini sasa hivi, wifi?"

"Niko kwenye kikao. Nitumieni leo, tafadhali. Tafadhali sana."

Wifi hakuwahi kumwambia mtu tafadhali mara mbili. Alikuwa jike la simba, na hata alipotoa msaada aliutoa kwa kufoka. Tafadhali ile ya pili ilimtia baridi.

Jioni mumewe akiwa bafuni, simu yake ikaita mara moja juu ya meza. Ujumbe. Mama mshonaji hakuwa mtu wa kupekua. Ila siku hiyo alipekua.

"UKUMBUSHO WA MWISHO KWA MDHAMINI. Marejesho ya miezi minane hayajapokelewa. Dhamana, cherehani moja ya umeme, itachukuliwa Ijumaa saa 6 mchana."

Akausoma mara ya pili. Akakaa. Mumewe alipotoka, taulo begani, alimkuta na simu mapajani, na hakukuwa na haja ya kuuliza.

"Umejua lini?" mkewe akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Unalala na mimi wiki tatu, unaniona nakata sabuni kwa uzi, umenyamaza?"

"Nilikuwa natafuta kazi za ziada, nizibe mwenyewe kabla hujajua."

"Utazibaje miezi minane kwa wiki tatu, wewe mwanaume? Na cherehani yangu imefikaje kwenye karatasi zao?"

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mguu ule mbovu kaunyoosha.

"Walitaka mdhamini, na mdhamini aweke kitu. Mashine yangu ya kuchomelea ilikuwa imeharibika. Nikawaandikia yako."

"Bila kuniambia."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana ya kuuliza mtu!"

Sauti ilimpasuka. Watoto wakachungulia kutoka chumba cha pili.

"Dada yako umemuuliza hela zetu zinakwenda wapi?"

"Sijaweza."

"Kwa nini?"

"Dada alinilea. Nikimuuliza, maana yake namwita mwizi."

"Na mimi je? Keshokutwa mashine ikitoka mlangoni, hawa watoto watakula heshima ya dada yako?"

Mama mshonaji akasema polepole, na upole ule ulimtisha mumewe kuliko kelele.

"Kesho asubuhi twende kwake. Utamuuliza wewe, kwa mdomo wako, mimi nikisikia. Ukishindwa, usirudi na mimi. Nitachukua watoto wangu, niende kwa mama."

Saa moja asubuhi ya Alhamisi walimkuta wifi anafunga mlango wake. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe, mkoba begani, viatu vimeng'aa. Dirishani pazia zito la maua limeteremshwa vizuri.

"Nyie! Kuna msiba?"

"Hapana, dada," mumewe alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi semeni haraka, nachelewa kazini."

Mama mshonaji alitaka kumshika mumewe mkono, akajizuia. Hili alitakiwa kulifanya mwenyewe.

"Dada, naomba risiti za marejesho."

"Unaomba nini?"

"Risiti. Za miezi yote."

Wifi aliweka mkoba chini. "Mimi? Mimi niliyekutafunia chakula ndiyo leo unanidai karatasi? Ni huyu mkeo amekutuma?"

"Amenituma moyo wangu, dada. Kesho wanachukua cherehani yake. Wameniandikia miezi minane haijalipwa. Niambie wamekosea, nitaamini."

"Risiti ziko ofisini."

"Basi twende wote ofisini, wifi," mama mshonaji akasema. "Ni karibu tu."

Jua lilikuwa linampiga wifi usoni, na kwa mara ya kwanza mama mshonaji aliona jinsi alivyokonda, kola ya blauzi imemzidi shingo. Kisha ufunguo ukageuzwa, mlango ukasukumwa ndani.

"Ingieni."

Sebuleni hapakuwa na kitu. Si kochi, si meza, si televisheni, si kabati la vyombo alilokuwa akijivunia. Palikuwa na mkeka, pasi, na nguo tatu za ofisini zimetundikwa kwenye hanga. Pazia lile la maua lilikuwa linaficha chumba kitupu.

"Walinipunguza kazi mwezi wa sita tangu tukope," wifi alisema, kawapa mgongo. "Nikasema nitapata nyingine kabla hamjajua. Mwezi wa kwanza nikala fungu lenu, nikasema nitarudisha. Wa pili nikauza kochi nilipe kodi. Kila asubuhi navaa, natoka, nakaa kwenye benchi pale kituoni mpaka jioni. Majirani wananisalimia, bosi, bosi."

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba sasa wewe ndiye unanilisha?"

Mama mshonaji alikuja na maneno tayari, makali, ameyanoa usiku kucha. Alitaka kumwambia kuhusu viatu vya binti. Akatazama mkeka ule, maneno yakamwishia. Hasira haikuisha, ila sasa haikuwa na pa kukaa. Mumewe naye alikuwa analia wazi, kama mtoto, na dada yake hakuthubutu kumgusa.

"Waongo nyote wawili," alisema hatimaye. "Huyu kanificha wiki tatu, wewe miezi minane. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kinakuja kesho saa sita. Wifi, chukua mkoba. Unakuja na sisi."

Ijumaa saa sita kasorobo, mwanaume wa faili la bluu alisimama mlangoni mwa duka. Nyuma yake wabebaji wawili na mkokoteni.

"Dada, samahani. Ni kazi tu."

"Ingia, kaka. Suruali ulikuwa huitaki, najua."

Akaona aibu kidogo. Wifi, aliyekuwa amesimama na mdogo wake karibu na cherehani, akasogea mbele.

"Mkopo ni wa jina langu. Mwenye makosa ni mimi, si hii mashine."

"Nyumbani kwako tulishafika, mama. Hakuna cha kubeba."

Mabega ya wifi yakashuka. Mbebaji mmoja akaanza kuchomoa waya ukutani. Mama mshonaji akaweka kiganja juu ya cherehani.

"Subiri. Nikuulize swali la kibiashara. Mkiibeba mtaiuza nusu bei. Hela haitatosha, na wa kukulipeni iliyobaki hatakuwepo. Au sivyo?"

Mwanaume akamwashiria mbebaji aache waya.

"Hii hapa bahasha, fungu la mwezi mmoja, leo hii. Mkopo uhamisheni kwangu, jina langu. Kila tarehe tano naleta ofisini kwenu kwa miguu yangu. Sina ndugu wa kumtuma."

Mwanaume akatoka nje kupiga simu. Walimsikia: "Ndiyo, bosi... analipa sasa... ndiyo, anayo kazi." Dakika zile wote watatu walisimama bila kutazamana. Alirudi na fomu.

"Wamekubali. Pamoja na faini, miezi kumi na miwili. Ila lazima mdhamini na dhamana, na cherehani haiwezi. Mkopaji hajidhamini."

Miwili imekuwa kumi na miwili. Mama mshonaji akavuta pumzi, akachukua kalamu, akaandika jina lake. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ile mashine yako ya kuchomelea umeshaitengeneza. Nataka kuiweka dhamana. Nikishindwa kulipa, wataibeba, na wewe utabaki mikono mitupu. Unakubali?"

Mumewe alikodoa macho. "Si ungeandika tu, mke wangu? Ungeandika tu, nisingesema neno."

"Najua. Lakini nakuuliza, kwa sababu ni yako. Na bado nakupenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningekuwa sikupendi ningeshafungasha tangu juzi. Unakubali au hukubali?"

Alishindwa kumtazama. Machozi yakadondokea kwenye fomu, na mwanaume wa faili akaisogeza kidogo, wino usije ukachuruzika.

"Nakubali," alisema.

"Sema kwa sauti, dada yako asikie."

"Nakubali, mke wangu. Nisamehe."

"Saini hapo."

Akasaini. Mkokoteni ukaondoka mtupu. Mama mshonaji akachomeka waya ukutani, akampa wifi mkasi na rundo la sketi akate nyuzi, akakanyaga pedali. Zilikuwa bado sketi tisa.