Saini Mpya ya Lucius Tarver

Katika mwezi wa Oktoba, kazi ya kwanza ya Lucius Tarver kila asubuhi ilikuwa kwenda kwenye sanduku la barua, ukingoni mwa barabara. Alitembea polepole. Kiharusi cha majira ya baridi yaliyopita kilimwachia mguu wa kulia mzito na mkono wa kulia usiomtii. Kabla ya hapo mkono huo ulifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kuyeyushia chuma cha magari, hapo hapo mjini Harlow, jimbo la Michigan.

Mbele ya nyumba yake yalisimama mabango mawili ya kampeni. Kushoto mwa njia lilikuwa la mgombea urais aliyemtaka yeye. Kulia lilikuwa la mgombea wa mkewe, Earline. Majirani walikwisha kuzoea. Kila baada ya miaka minne mume na mke hao walibishana kuanzia majani yalipogeuka rangi hadi siku ya uchaguzi, kisha wakala pamoja kama kawaida.

Sanduku lilijaa karatasi za kampeni. Baadhi zilikuwa na sura za wagombea wakicheka. Nyingine zilikuwa na sura za wapinzani wao, zimepakwa weusi ili zitishe. Bahasha kadhaa ziliandikwa kwa herufi kubwa: MUHIMU. FUNGUA SASA. TAARIFA RASMI. Lucius alikuwa na kanuni moja. Bili aliitia mfukoni. Vingine vyote alivitupa bila kuvifungua katika pipa la karatasi lililokuwa kando ya mlango wa jikoni.

"Hujasoma hata moja," Earline alisema. Alikuwa akigeuza mayai katika kikaango.

"Za nini? Wote wananiambia dunia inakwisha Jumanne. Nikizisoma nitashindwa kula."

"Wewe ushindwe kula? Labda ukiwa umelala."

Ilikuwa Alhamisi, siku tano kabla ya uchaguzi. Mezani alikwisha kuketi Dewitt, mdogo wake Earline, ambaye alikula kifungua kinywa kwa dada yake mara nyingi kuliko kwake. Mara mlango ukagongwa, akaingia jirani yao, Rosalind Chatmon. Waumini wenzake kanisani walimwita Dada Chatmon. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa miaka ishirini alifanya kazi katika kituo cha kupigia kura kila uchaguzi ulipofika.

"Earline, nakuona Jumanne ukumbini kwenye kura?" aliuliza.

"Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni, Dada Chatmon."

"Na wewe, Lucius?"

"Mimi nilituma kura yangu kwa posta wiki tatu zilizopita. Mguu huu hauwezi foleni."

"Vizuri. Umehakikisha kwamba imepokelewa?"

Lucius alimtazama. "Nimeitia kwenye sanduku la posta. Hakikisho gani tena?"

"Kutuma ni jambo moja, kupokelewa ni jingine. Lete simu hapa."

Bi Chatmon alivaa miwani. Alifungua ukurasa wa mtandao wa jimbo unaomwonyesha mpiga kura mahali karatasi yake ya kura ilipofika. Aliandika jina la Lucius na tarehe yake ya kuzaliwa. Akasoma, akasoma tena, kisha akaisogeza simu katikati ya meza.

"Imekataliwa," alisema. "Saini iliyo juu ya bahasha ya kura hailingani na ile waliyo nayo katika kumbukumbu. Hapa wanasema walikuandikia barua siku nane zilizopita."

"Sijapata barua."

Kisha Earline akazima jiko, akaenda kwenye pipa, akapiga magoti, akaanza kutoa karatasi moja moja.

Lucius aliuona mgongo wa mkewe umeinama, na damu ikampanda usoni kwa aibu. Alikumbuka siku ile mwanzoni mwa Oktoba alipoketi penye meza hiyo hiyo na kusaini bahasha kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikataa kushika kalamu. Saini iliyokuwa katika kumbukumbu za ofisi aliiandika zamani, akiwa na mkono mzima.

"Achana nayo, shemeji," Dewitt alisema. "Jana televisheni imeonyesha kura za maoni. Hapa kwetu mtu wako yuko nyuma kwa asilimia nane. Nane! Utahangaika na karatasi moja ya nini?"

"Dewitt," Bi Chatmon alisema, "hizo kura za maoni, unajua zinapatikanaje?"

"Wanapigia watu simu."

"Watu wangapi?"

"Mia sita hivi."

"Mia sita, katika eneo lenye watu maelfu kwa maelfu. Wengine wanakata simu. Wengine wanasema la kumfurahisha anayeuliza. Wanaopiga hesabu hizo ni watu wa kazi yao, siwadharau. Lakini wanakadiria. Wewe walikupigia?"

"Mwezi uliopita. Msichana mmoja, ana adabu sana."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitampigia kura mtu wa dada."

"Umejiandikisha tangu uhamie Harlow?"

Dewitt aliligeuza yai lake kwa uma. "Nilikuwa nataka kwenda."

"Basi katika hizo asilimia nane umo wewe, na huna karatasi ya kura," Bi Chatmon alisema. "Kura ya maoni inamhesabu anayejibu simu. Uchaguzi unamhesabu aliyepiga kura."

Earline alisimama. Mkononi alishika bahasha nyeupe isiyo na picha wala sura. Ilikuwa imebanwa ndani ya karatasi pana ya kampeni yenye maandishi TAARIFA RASMI. Barua iliyokuwa rasmi kweli haikupiga kelele yoyote. Ilikuwa na jina la ofisi ya karani wa mji, inayosimamia uchaguzi, na chini yake jina la Lucius.

"Dada, umekosa akili?" Dewitt aliuliza. "Huyu ni mpinzani wako. Ungeiacha pipani ungekuwa umeshinda kura moja."

"Nataka nimshinde akiwa amehesabiwa," Earline alisema. "Miaka arobaini nabishana na mtu huyu. Hakuna karani atakayenimalizia ubishi wangu. Lucius, vaa koti."

Bi Chatmon aliisoma barua kwa sauti, mstari kwa mstari. Mpiga kura ambaye saini yake ilikuwa na kasoro aliruhusiwa kuirekebisha. Angejaza fomu iliyomo ndani ya bahasha, aisaini, na kuirudisha, au angefika ofisini mwenyewe.

"Hawajakuonea, Lucius," alisema. "Ukaguzi huo upo ili mtu mwingine asisaini kwa jina lako. Lakini usipoitika, wana haki ya kutoihesabu kura yako. Kila jimbo lina sheria yake na muda wake, basi usifuate maneno ya mtu aliye jimbo jingine. Chukua kitambulisho. Na ukifika, omba saini yako katika kumbukumbu ibadilishwe, isije ikakusumbua tena."

"Miaka hamsini nimepiga kura," Lucius alisema taratibu. "Hakuna mwaka nilioacha. Sitaanza leo kwa sababu ya mkono."

Ofisini kwa karani walikuta foleni. Earline alitaka kumtafutia Lucius kiti, lakini Lucius akakataa. Alisimama na fimbo yake dakika arobaini hadi zamu yake ikafika. Nyuma ya meza alikuwa kijana mpole mwenye tai. Aliilinganisha barua na kitambulisho, akaleta fomu, kisha akamwona Lucius akiihamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto.

"Mzee Tarver, ukipenda unaweza kuweka alama tu," alisema. "Asiyeweza kuandika anaruhusiwa. Mama hapa atashuhudia."

"Naweza kuandika," Lucius alisema. "Nachelewa tu."

"Sina haraka, mzee."

Alianza. Herufi ya kwanza ilisimama. Ya pili iliinama. Kalamu ilitetemeka, akaiinua, akangoja mkono utulie, akaishusha tena. Mtu mmoja nyuma alikohoa na kusema kwa sauti ya chini kwamba wengine wana kazi. Earline aligeuka, akamtazama tangu kofia hadi viatu, na mtu yule akaona afadhali asome tangazo la ukutani.

Jina lilipokamilika, halikufanana hata kidogo na lile la zamani. Lilipanda na kushuka. Lakini lilikuwa jina zima, bila herufi iliyoachwa.

"Hii ndiyo unayotaka tuiweke katika kumbukumbu?" kijana aliuliza.

"Hiyo. Na nyingine zote zitakuja hivyo hivyo."

Jumatatu Lucius alifungua ukurasa ule kwa kidole chake mwenyewe, kama Bi Chatmon alivyomfundisha. Neno lilikuwa limebadilika: imepokelewa. Alikwenda kwenye sanduku la barua, akarudi na mzigo, akaketi. Siku hiyo alifungua bahasha zote, moja baada ya nyingine, kabla ya kutupa hata moja.

Jumanne saa kumi jioni Dewitt alifika akisikia harufu ya kambare wa kukaanga. Earline alikuwa amekwisha kupiga kura, na mkate wa mahindi ulikuwa mezani.

"Nimefikiri juu yenu wawili," Dewitt alisema akivuta kiti. "Dada kampa yule, shemeji kampa huyu. Mmefutana. Mngelala tu nyumbani, hesabu ingekuwa ile ile."

Lucius aliweka uma chini.

"Sikiliza, Dewitt. Ili kura yangu iifute ya dada yako, lazima kwanza ihesabiwe. Na ili yake iifute yangu, hivyo hivyo. Mtu wangu akishindwa leo, atashindwa nami nikiwa nimo. Wewe unamfuta nani?"

Dewitt alitazama sahani. Akatazama mlango. "Na sasa si nimeshachelewa? Uchaguzi ni leo."

"Katika jimbo letu unajiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo," Lucius alisema. "Dada Chatmon kanieleza. Kwa karani wa mji, mradi uwe na kitambulisho na kitu chenye anwani yako."

"Bili ya umeme inafaa?"

"Inafaa."

Earline aliiondoa sahani ya kambare mbele ya mdogo wake, akaifunika.

"Ofisi inafungwa saa mbili usiku," alisema. "Ukiwa katika foleni saa hiyo ikifika, usitoke hata wakikuambia nini, aliye ndani ya foleni anapiga kura. Chakula utakikuta."

Dewitt alisimama, akavaa koti lake, akaenda kutafuta bili.