Swichi za Dukani kwa Khalid

Siku ya kwanza Khalid alipomwona Ruwayda, alimfokea.

Ilikuwa mchana, mji wa Eldoret umefurika watu, na mawingu mazito yalikuwa yameanza kuning'inia juu ya majumba. Kila mtu alikimbia kumaliza shughuli zake kabla mvua haijashuka. Kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, wenye mikokoteni wakipiga miluzi wapishwe njia, alipita msichana amebeba ngazi ndefu begani. Mtu akamwita kutoka nyuma. Msichana akageuka, na ngazi nayo ikageuka. Tochi, soketi na balbu zilizopangwa mezani nje ya duka la Khalid zikaporomoka zote chini.

"Wewe! Kwani huna macho?" Khalid alitoka mbio.

"Macho ninayo," msichana alijibu, bado ngazi iko begani. "Ngazi ndiyo haina. Pole sana, kaka."

Khalid alitaka kuendelea kufoka, lakini akamtazama vizuri. Alivaa ovaroli pana ya buluu, hijabu nyeusi ameichomeka ndani ya kola, na buti zenye matope makavu. Chini ya macho yake kulikuwa na weusi wa mtu asiyelala vya kutosha. Hata hivyo alikuwa ameshachuchumaa, anaokota balbu moja moja na kuitikisa sikioni kusikiliza kama imevunjika.

"Hii imekufa. Hii pia. Hii iko sawa," alisema.

"Wewe ni daktari wa balbu?"

"Fundi wa sola. Balbu ni za wanaoanza."

Mwanamume aliyemwita, fundi mwenzake aitwaye Obiero, alifika akicheka na kuichukua ngazi. "Ruwayda, nilikwambia ngazi inabebwa na watu wawili!"

Hivyo ndivyo Khalid alivyolijua jina lake. Siku iliyofuata jina hilo lilimkaa kichwani tangu alipofungua duka hadi alipofunga. Msichana aliporudi kununua waya, Khalid alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia uunsi, ule udi wa Kisomali, mpaka kwenye kona ya duka.

"Leo uko na harusi?" Ruwayda alimuuliza.

"Bado. Namtafuta bibi harusi."

"Hapa utapata waya tu," alisema, lakini alitoka akitabasamu.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, kwa sababu wakati wa kuonana haukuwepo. Ruwayda na Obiero walikuwa kwenye mapaa kila siku, leo Kapsoya, kesho Burnt Forest, keshokutwa mbali zaidi. Khalid naye, tangu baba yake apigwe na kiharusi, alikuwa amebeba duka zima peke yake. Alifungua baada ya swala ya alfajiri, na mara nyingi alisafiri kwa lori kwenda kuchukua mali Nairobi, akarudi na kusimama kaunta bila kugusa kitanda.

"Nimekupigia mara ngapi, fundi wangu?"

"Nimeona. Nikiwa juu ya mabati sishiki simu. Hata mama akipiga."

"Na mimi ni nani basi?"

"Wewe uko chini ya mama."

"Chini kiasi gani?"

"Khalid, nimechoka, usinifanye nipime." Kisha kwa sauti laini, "Karibu karibu tu."

Ruwayda alipenda kumsimulia kazi yake. Alimweleza kuhusu mafundi wanaopanda mabati yenye umande wakiwa na malapa, bila mkanda wala kamba ya kuwazuia wakiteleza. "Na watu hawaelewi hii kitu," alisema. "Stima ukizima pale kwenye mita, nyumba yote imekufa. Jua huwezi kulizima. Bora kuna mwanga, waya unaoshuka kutoka kwa paneli una moto. Ndiyo maana lazima swichi iwe ya kweli, ya sola, inayoweza kuukata huo moto."

"Swichi nzuri utapata kwangu, kipenzi."

"Najua," Ruwayda alisema. Muda mfupi baadaye Khalid alisikia pumzi zake tu. Alikuwa amelala na simu sikioni. Khalid hakukata, alipiga hesabu ya bidhaa zake huku akisikiliza zile pumzi.

Mzigo mpya wa swichi ulipofika, Khalid alimwekea Ruwayda za kwanza. Zilikuwa nyeupe, nzito mkononi, zimeandikwa kuwa ni za sola. Ruwayda alifunga moja katika kijiji cha Ziwa, kwa Mwalimu Chepngetich, mama aliyefundisha shule ya msingi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Aliipachika ukutani kwenye chumba cha maziwa, akaunganisha na friji, akakaza kila waya mara mbili. Mwalimu aliwapa mursik, maziwa ya mgando, na kuwaombea baraka.

Kisha, asubuhi moja ya jua kali, Mwalimu alipiga simu.

"Fundi, ile sanduku yako ya ukutani inanuka. Kama plastiki inaungua."

"Mwalimu, msiiguse. Mtoe kila mtu humo ndani. Tunakuja."

Walipofika, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye swichi. Obiero, ambaye alikuwa karibu nayo, alifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Aliivuta chini azime. Moto haukukatika. Ulinguruma ndani ya ile swichi, ukapasua uso wake, ukauramba mkono wake wa kulia. Obiero alipiga yowe akaanguka kwa magoti.

"Mwalimu, mchanga! Si maji!" Ruwayda alipaza sauti, tayari anajifunga mkanda kiunoni. "Na blanketi! Leta blanketi zote za nyumba!"

Alifunga kamba kwenye mhimili wa paa, akapanda. Hakukimbia juu ya mabati. Alizifunika paneli moja baada ya nyingine kwa blanketi nene za watu wa baridi, mpaka zikakosa jua. Chini, Mwalimu alikuwa anamwaga mchanga kwa ndoo ya kukamulia. Moto ulikufa. Ukuta ulibaki mweusi hadi darini.

Kabla ya kuondoka kumpeleka Obiero hospitali, Ruwayda aliing'oa ile swichi na kuipasua kwa koleo. Ndani ilikuwa swichi ya kawaida ya stima ya nyumbani, imevikwa ganda lenye maandishi ya sola. Aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameipokea bila kuifungua hata mara moja, kwa sababu mkono ulioitoa ulikuwa wa Khalid.

Jioni alisimama dukani kwa Khalid, ovaroli imejaa masizi. Khalid alikuwa ametoka safari saa hiyo, macho mekundu, na wateja walikuwa wamejaa.

Ruwayda aliiweka swichi kaunta. "Hii imemchoma Obiero. Ni feki."

Khalid aliigeuza. Wateja waligeuka kutazama. Uchovu, aibu na macho ya watu vilimjia kwa pamoja, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Una hakika ulikaza waya vizuri?"

Ruwayda aliinyakua kutoka mkononi mwake. Aliitia swichi mfukoni, akatoka.

"Ruwayda! Subiri, sikumaanisha hivyo!" Lakini alikuwa ameshapotea kwenye msongamano.

Kesho yake ujumbe ulizunguka kwenye simu za mafundi wa mji mzima. Ulisema kuna swichi feki za sola, tena ukataja duka la Khalid kwa jina. Hadi adhuhuri hakuna fundi aliyekanyaga mlangoni. Baba yake, aliyeongea kwa shida tangu augue, alimuuliza kwa nusu ya mdomo, "Kuna nini?" Khalid akatoka nje na simu. Akampigia Ruwayda.

"Umeniangusha mbele ya watu wote."

"Nimekuangusha aje?"

"Ule ujumbe. Si ungenipigia kwanza? Mimi ni adui yako?"

Ruwayda alikuwa ameketi kwenye benchi la wodi, hajala tangu jana. Ni kweli aliandika onyo, lakini hakutaja duka la mtu. Angeweza kusema hivyo. Ila alikuwa amechoka kuelezea. Alikuwa amemweleza mke wa Obiero, amemweleza Mwalimu, amewaeleza madaktari. Hakubakiwa na maelezo mengine.

"Amini unavyotaka, Khalid," alisema, akakata.

Siku zikapita, zikawa wiki. Hakuna aliyempigia mwenzake. Khalid alizitoa swichi zote kwenye rafu, akafunga mlango, akaketi sakafuni na nyundo. Alizipasua moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo ndani. Aliyemuuzia Nairobi alikuwa amezima simu. Mbaya zaidi, zile alizokwisha kuuza zilikuwa tayari kwenye kuta za watu, katika vyumba wanamolala watoto.

Aliosha uso, akanunua matunda, akaenda mtaa wa Langas kwa Obiero. Alimkuta ameketi nje juani, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko.

"Nimekuja kuomba msamaha," Khalid alisema. "Mimi ndiye nilileta hizo vitu. Sikujua, lakini ni mimi."

Obiero alimsogezea kigoda. "Keti," alisema. "Na mimi nina langu. Yule msichana aliandika onyo bila jina. Mimi ndiye niliongeza jina lako, nikalituma. Mkono ulikuwa unaniuma hadi kwa mifupa. Niliandika na kidole cha kushoto, polepole, na kila herufi nilikuwa nafurahia."

Khalid aliinamisha kichwa. "Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimuuliza? Ama ulimshtaki?"

Alipotoka hapo, alikaa ndani ya pikapu ya duka kwa muda kabla ya kupiga simu. Ruwayda alishika.

"Sipigi kwa ajili ya mapenzi," Khalid alisema. "Nimekosa, na nitakuja kukuambia hivyo uso kwa uso. Ila sasa kuna swichi kwenye kuta za watu. Nataka kuzitoa zote, na kuzitoa siwezi. Nahitaji fundi."

"Pikapu yako ina mafuta?"

"Iko nayo."

"Njoo asubuhi. Leta blanketi."

Walianzia Ziwa, ambako Ruwayda alifunga upya nyaya za chumba cha maziwa cha Mwalimu huku Khalid akikwangua masizi na kupaka ukuta rangi. Mwalimu alimtazama akifanya kazi. "Wewe ndiye mwenye duka?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Paka na ile kona," Mwalimu alisema. Chai alimletea baadaye, bila tabasamu, lakini ilikuwa na maziwa mengi.

Baada ya hapo walizunguka kijiji hadi kijiji. Khalid aliwakumbuka wateja kwa sura na kwa maongezi: mzee wa viazi wa Burnt Forest, mama wa saluni, kanisa dogo lenye mabati mekundu. Kila walikofika, Ruwayda alijifunga mkanda, akapanda, akafunika paneli. Khalid alishikilia ngazi bila kuondoa macho juu. Mwanzoni waliongea mambo ya kazi tu. Shika hapo. Leta bisibisi. Sogea. Wengine waliwashukuru, wengine wakamtukana Khalid mbele ya majirani, na yeye aliinama tu, akasema, "Ni haki yako." Jioni walirudi mjini kimya, mvua ikipiga kioo, wote wawili wakinuka jasho na blanketi za watu.

Siku moja, njiani, Ruwayda alisema bila kumtazama, "Lile swali la waya."

"Naomba unisamehe. Lilikuwa swali la mwoga."

"Nilienda nyumbani nikajiuliza. Usiku mzima, kama kweli nilikaza." Alifuta kioo kwa mkono. "Hilo ndilo liliniuma. Si wewe kukosea. Ni wewe kunifanya nisijiamini juu ya paa."

Khalid akapunguza mwendo. Alisimamisha gari kando ya barabara kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na haikuwa mvua.

Kulikuwa na swichi ambazo hawakuzipata. Mtu mmoja alikuwa amenunua nyingi akasema anapeleka mbali, na Khalid hakukumbuka hata sura yake. Alikwenda kwenye redio inayotangaza kwa lugha za huku, akataja duka lake kwa kinywa chake mwenyewe, akatoa nambari yake. Duka lilizidi kuwa tupu. Baba yake aliposikia tangazo, alimshika mkono kwa ule wake mzima, akaukaza.

Kazi ya Timboroa waliimaliza katika baridi kali, ukungu umeufunika msitu. Waliingia kwenye hoteli ya barabarani, wakaagiza chai ya tangawizi na chapati. Ruwayda alivua glavu, akaweka vidole kwenye kikombe. Vilikuwa na mikwaruzo mingi. Khalid alivitazama.

"Unaangalia nini?"

"Mikono ya mtu ninayetaka kumwoa."

Ruwayda alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu za kucheka. "Khalid, nimechoka. Nimechoka mpaka nywele. Unataka kuoa mtu aliyechoka hivi?"

"Na mimi nimechoka. Sijui kama tutapumzika karibuni, siwezi kukudanganya. Lakini nikichoka nikiwa peke yangu, nakuwa mtu mbaya. Umeniona. Nikichoka nikiwa na wewe, angalau nashikilia ngazi."

"Sitaacha kupanda."

"Sijakuomba uache."

"Mama yako atasema mwanamke gani huyo wa juu ya mabati."

"Ameshasema. Baba akamwambia anyamaze. Ni sentensi ya kwanza iliyonyooka aliyoitoa tangu augue."

Ruwayda aliangalia nje, ambako magari yalipita kwenye ukungu taa zikiwaka mchana. Khalid akamsogezea sahani ya chapati.

Simu ikalia. Khalid akaishika, akasikiliza, akasimama taratibu. "Ni mama mmoja, huko mbele ya msitu. Amesikia redio. Anasema swichi kama hiyo iko juu ya kitanda cha watoto, na imeanza kuwa moto."

"Mwambie awatoe nje. Asiiguse. Afunike paneli kama anaweza kuzifikia akiwa chini, kama hawezi atusubiri." Ruwayda alikuwa ameshavaa glavu, chai imebaki nusu. Khalid aliyarudia maneno yake kwenye simu, neno kwa neno.

Walitoka kwenye baridi wakikimbia. Mlangoni pa gari Ruwayda alisimama kidogo, mkono umeshika kitasa.

"Baba yako hawezi safari, basi mwambie ndugu yake, adeer wako, aje na posa kwa baba yangu Ijumaa," alisema. "Na asije na mazungumzo marefu, baba naye hapendi. Sasa washa gari."